Filamu ya Tootsie (1982): yanayosemwa na ukweli wenyewe

Dhana: Ilizoa Oscar.
Iliteuliwa kuwania tuzo 10, ikaambulia moja tu, ya Jessica Lange kama mwigizaji msaidizi bora wa kike. Dustin Hoffman, aliyeigiza Michael, mwigizaji anayejigeuza mwanamke ili apate kazi, alishindwa na Ben Kingsley kwenye tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Kwenye mauzo ya tiketi Marekani, kati ya filamu za mwaka ule, iliyoitangulia ni E.T. peke yake.

Dhana: Kuikosoa kwa jicho la kijinsia ni mambo ya leo.
Si kweli hata kidogo. Mwaka 1983 mhakiki Elaine Showalter aliandika katika jarida la Raritan akihoji filamu inayomfanya mwanamume awe mwalimu wa wanawake katika kudai haki zao. Hoja yake ina mashiko, na ushahidi umo ndani ya hadithi. Sandy, rafiki wa Michael, ndiye aliyeitaka nafasi ya kuigiza kwenye tamthilia ya televisheni, akakataliwa. Michael akavaa wigi na gauni, akajiita Dorothy, akaichukua. Alikuwa akitafuta dola 8,000 za kuandaa mchezo wa jukwaani ambao Sandy naye angeigiza, lakini Sandy anafichwa fedha zinakotoka. Dorothy anashangiliwa kama shujaa wa wanawake, na aliyepokonywa tonge ni mwanamke.

Dhana: Waliosifu walifurahishwa na mwanaume kuvaa gauni.
Kilichosifiwa ni ufundi. Wakala wa Michael (ameigizwa na Sydney Pollack, mwongozaji wa filamu mwenyewe) anamwambia hakuna atakayemwajiri. Picha inakatwa hapo hapo, na tayari Dorothy anatembea katikati ya umati barabarani New York. Hatuoneshwi kwanza akijipodoa wala akihangaika na viatu, kwa hiyo tunampokea akiwa mtu kamili, na kicheko kinatokana na namna anavyotendewa. Mwongozaji wa tamthilia anapomwita kwa majina ya kubembeleza, Dorothy anamkumbusha kwamba wanaume wote pale huitwa kwa majina yao. Hapo filamu iko sahihi kabisa.

Dhana: Lawama ziliishusha hadhi.
Mwaka 1998 iliingizwa katika Rejesta ya Taifa ya Filamu ya Marekani, orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa, na mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani (AFI) iliipa nafasi ya pili kati ya vichekesho 100 vya Kimarekani. Ilipogeuzwa mchezo wa muziki Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, mwaka 2019, ukosoaji uliibuka upya.