Je, wajua? Gandhi na Savarkar walijifunza kwa Mtaliano mmoja

Oktoba 1909, Wahindi waliokuwa London walikusanyika kula karamu ya sikukuu ya Dussehra. Waliosimama kuhutubia ni pamoja na watu wawili ambao njia zao hazikukutana popote. Mohandas Gandhi, aliyetokea Afrika Kusini, alikataa uhuru wa kumwaga damu. Vinayak Savarkar, kijana wa miaka 26, aliamini mtutu wa bunduki, na baadaye ndiye aliyeasisi siasa za Hindutva, yaani utaifa wa Kihindu. Hata hivyo, wote wawili walimsoma na kumsifu Giuseppe Mazzini, Mtaliano aliyekwisha kufa tangu 1872. Iliwezekanaje mtu mmoja kuwafundisha mahasimu?

Mazzini alizaliwa Genoa mwaka 1805, mtoto wa daktari. Alipokuwa kijana, nchi moja iitwayo Italia haikuwapo. Austria ilishika Lombardia na Venezia, Papa alitawala Roma, Naples ilikuwa na mfalme wake. Mazzini akazoea kuvaa nguo nyeusi tangu ujanani, kama mtu aliyefiwa, kwa sababu ya hali ya nchi yake. Baada ya kufungwa Savona alikwenda uhamishoni, na mwaka 1831 akiwa Marseille, Ufaransa, akaunda Giovine Italia, yaani Italia Kijana. Wanachama walitakiwa wawe chini ya miaka 40. Walikula kiapo kwa jina la Mungu na la mashahidi wa Italia kwamba watapigania nchi moja, huru, isiyo na mfalme.

Maasi aliyoyapanga yalishindwa moja baada ya jingine. Rafiki yake mpenzi, Jacopo Ruffini, alifia gerezani mwaka 1833, na Mazzini mwenyewe akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Mara moja tu alishika madaraka: mwaka 1849 Papa alipokuwa amekimbia Roma, jamhuri ikatangazwa, naye akawa mmoja wa viongozi wake watatu. Jamhuri hiyo ilifuta adhabu ya kifo na kutambua uhuru wa dini. Haikumaliza miezi mitano. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yanaingia mjini wakati katiba yake inasomwa kwa wananchi.

Kilichobaki basi ni maneno yake, hasa kitabu cha 1860 alichowaandikia wafanyakazi wa Italia, Doveri dell'uomo, yaani Wajibu wa Binadamu. Hoja yake ilikwenda kinyume na wanamapinduzi wengi wa siku hizo. Mtu akifundishwa haki peke yake, alisema, atapigania zake, akishazipata atamwacha jirani yake njiani. Kinachowaunganisha watu ni wajibu. Sisi tunaosema "haki na wajibu" kwa pumzi moja tunaweza kuona hilo ni jambo la kawaida. Kwa Ulaya iliyolelewa na tamko la haki la Wafaransa, halikuwa la kawaida hata kidogo.

Hapo ndipo Gandhi aliponasa. Alikuwa amekwisha kuandika habari za Mazzini mwaka 1905 katika gazeti lake la Indian Opinion, huko Natal. Wiki chache baada ya ile karamu, akiwa melini kurudi Afrika Kusini, aliandika Hind Swaraj, kitabu juu ya India kujitawala, na kuitengea Italia sura nzima. Alisema Waaustria wameondoka, mfalme wa Kitaliano amekaa mahali pao, lakini mkulima wa Italia, ambaye Mazzini alimtaka awe huru, bado ni mtumwa. Kwa nini India ipite njia hiyohiyo? Doveri akakiweka katika orodha ya vitabu ambavyo msomaji wake avisome.

Savarkar alichukua upande wa pili: kiapo, siri, vijana walio tayari kufa. Chama chake cha Abhinav Bharat kilifuata mfano wa Italia Kijana, na tafsiri yake ya maisha ya Mazzini kwa Kimarathi ilitoka mwaka 1907.

Wote wawili hawakumsingizia. Mazzini alihubiri dhamiri na alituma watu vitani, na hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa, na ndio pia sababu kila upande ulipata cha kuchukua.

Waliompotosha hasa ni Mafashisti, wafuasi wa dikteta wa Italia, Mussolini. Mwanafalsafa wao, Giovanni Gentile, alimfanya mtangulizi wao, kana kwamba wajibu ni kuitii dola. Ukifungua Doveri, mpangilio wa sura unawakanusha: wajibu kwa ubinadamu unatangulia, ndipo ije nchi, kisha familia. Ninyi ni binadamu kabla ya kuwa raia, aliwaambia wafanyakazi wake. Ndiyo maana mwaka 1834 aliunda pia Ulaya Kijana, Wataliano wakiwa pamoja na Wajerumani na Wapoland.

Mazzini alikufa Pisa tarehe 10 Machi 1872. Italia ilikuwa imekwisha kuungana, lakini chini ya mfalme, naye akawa anaishi kwa kujificha kwa jina la Brown katika nyumba ya familia ya Rosselli. Katika ukoo huohuo walizaliwa Carlo na Nello Rosselli, ndugu wawili waliompinga Mussolini. Nello, mwanahistoria, alikuwa ameandika kitabu juu ya Mazzini. Waliuawa pamoja barabarani nchini Ufaransa mwezi Juni 1937.

Tarehe 2 Juni 1946 Wataliano walipiga kura kumwondoa mfalme. Kifungu cha 2 cha katiba iliyoanza kutumika 1948 kinataja haki za mtu zisizoweza kuvunjwa, na kabla ya nukta kinadai wajibu wake kwa wenzake.