Mrima: soma hapa kabla hujachimba wala kuuza shamba

Tangu stori za madini adimu (zile metali za kutengenezea vifaa vya kielektroniki) ya kilima cha Mrima zishike kasi huku Kwale, Kenya, maswali yamezidi na mengi yanarudia uongo uleule. Kilima chenyewe si kikubwa, hakifiki hata mita 400, Dzombo hapo jirani unakipita, na vilima vya Kiruku na Nguluku ni ukoo mmoja nao, vyote ni miamba ya moto wa kale. Pale Mrima mvua imeosha chokaa ya mwamba miaka na miaka mpaka ukabaki udongo mzito wenye niobiamu (metali ya kuimarisha chuma), madini adimu na thoriamu.

Thoriamu ni metali inayotoa mnururisho (mionzi) wa asili. Ukipita njia huugui, tafadhali tuache kutishana. Ila usichote kifusi cha mlimani ukakandikia nyumba au kumwagia sakafu, maana hapo unalala nacho kila siku na watoto wanavuta vumbi lake.

Alafu hii ya "shamba langu, madini yangu". Jamani, hapana. Katiba ya Kenya kifungu cha 62 inasema madini yote ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya kitanda chako. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa) hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii 10.

Mrima ni msitu wa serikali na pia ni kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda), huingii bila wazee wa kaya kujua. Kukata mti au kubeba chochote cha msitu bila kibali ni faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili, na "sikujua" haikusaidii kortini.

Wanaouziwa maneno na mabroka: shamba la kilimo haliuziki kwa karatasi ya mkono tu. Fanya search kwanza (uhakikishe mwenye shamba kwenye ofisi ya ardhi), mkubaliane, alafu muombe kibali cha bodi ya ardhi (Land Control Board) ndani ya miezi 6 tangu mkataba, mkichelewa mkataba unakufa. Familia iwepo siku ya bodi, mke na watoto wakubwa waulizwe, sio mzee aende peke yake na mgeni.

Ukiona lori linapakia udongo mlimani, andika namba ya gari na saa, peleka kwa chifu au ofisi ya misitu siku hiyohiyo, usiwakabili mwenyewe.