“Njoo ujifungulie nyumbani”: wanayoyasema Tanga na sheria ya Marekani inavyosema

Natafsiri hati Ngamiani, na meza yangu imeshageuka baraza. Mwaka jana alinijia mama mmoja wa Makorora, simu mkononi. Bintiye aliingia Marekani kwa viza ya matembezi, uwanja wa ndege akagongewa miezi sita, na sasa ni mwaka wa pili na ushei. Ana mimba ya miezi mitano. Baba wa mtoto ni Mmarekani wa kuzaliwa. Mama alikuwa keshamtumia binti ujumbe wa sauti, akanisikilizisha:

“Mwanangu, mimba ya kwanza hailelewi ugenini. Njoo ujifungulie nyumbani, nikukande mwenyewe, uji wa pilipili manga upo. Arobaini ikiisha urudi kwa mwenzio.”

Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, mama, maneno matamu haya, lakini ukimwambia tena atakuja kweli, na akija hatorudi.

Dhana hii ndiyo ghali kuliko zote ninazozisikia hapa, na inatoka kwa watu wanaompenda mtu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inahesabu siku ambazo mgeni amekaa bila ruhusa. Zikizidi 180 kisha akatoka nchini kabla ya kutimia mwaka, amefungiwa kurudi kwa miaka 3. Zikifika mwaka mzima au zaidi, akitoka amefungiwa miaka 10. Adhabu hiyo haimpati akiwa ndani, inampata pale anapotoka. Na kuolewa na raia hakuifuti. Lipo ombi la msamaha, ila lazima athibitishe kwamba mume au mzazi wake, ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu, atapata taabu kupita kiasi. Taabu ya mtoto mchanga, peke yake, haimo kwenye hesabu hiyo. Mama aliposikia hilo alivua miwani.

Wapo wachache ambao hesabu yao ni tofauti. Mwanafunzi mara nyingi hagongewi tarehe ya mwisho, huandikiwa kwamba akae muda wote anaoshika masharti ya masomo. Huyo siku zake hazianzi kuhesabiwa mpaka idara ya uhamiaji au jaji atamke kwamba amekiuka. Lakini binti wa Makorora hakuwa mwanafunzi.

“Muda ukishapita, hakuna ndoa itakayomwokoa.”

Hili hulisema hata watu waliosoma. Ukweli ni kwamba mke wa raia aliyeingia kwa njia halali, akakaguliwa na ofisa na kuruhusiwa, anaweza kuombewa ukaazi wa kudumu akiwa humo humo nchini, hata kama muda wake umekwisha zamani. Sheria inamsamehe kupitisha muda kwa sababu ni jamaa wa karibu wa raia. Mume anajaza fomu I-130 ya kumtambulisha, mke anajaza I-485 ya kuomba ukaazi, na zote zinaweza kwenda pamoja. Mume anatia saini pia dhamana ya matunzo, I-864, kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Hafiki hapo? Mtu mwingine mwenye kipato anaruhusiwa kudhamini pamoja naye. (Dhamana hiyo haivunjwi na talaka. Wanaume wengi hawaisomi sehemu hiyo.)

Neno la kushika hapo ni raia. Mume akiwa na grinikadi tu, yaani ni mkaazi wa kudumu na si raia, kupitisha muda hakusamehewi hivyo. Neno la pili ni kukaguliwa. Aliyevuka mpaka porini hayumo. Na hili nawaambia watu wa Tanga kwa sababu hapa kila mtaa una baharia: aliyeingia kwa viza ya mabaharia akashuka melini asirudi, mlango huu kwa kawaida haumfungukii hata akioa raia. Huyo asijaze karatasi yoyote kabla ya kuonana na wakili.

“Mtoto akizaliwa huko, na mama kapata.”

Mtoto anaweza kumwombea mama ukaazi akifikisha miaka 21. Kabla ya hapo, uraia wa mtoto haumpi mama kibali chochote.

Uraia wa mtoto mwenyewe umezua hofu tangu agizo la rais wa Marekani la Januari 2025. Agizo lile lilitaka kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa huko ambao mama hana ukaazi na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Hapa baba ni raia. Kinachotakiwa ni ubaba uandikwe: wasiooana hutia saini hospitalini fomu ya kukiri ubaba, na jina la baba likaingia kwenye cheti. Kwa upande wetu, mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ni Mtanzania kwa kurithi, mradi mzazi huyo naye si raia wa kurithi. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inamtaka achague moja akishafika utu uzima.

“Ana mimba yake, wanaishi pamoja, ni mkewe huyo.”

Kwa majirani, ndiyo. Kwa sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ndoa ya 1971, mwanamume na mwanamke wakiishi miaka miwili watu wakiwajua ni mtu na mkewe, inaweza kudhaniwa wameoana. Idara ya uhamiaji ya Marekani haitaki dhana, inataka cheti. Na viza ya mchumba ni ya aliye nje ya nchi.

Mimba ni ushahidi mzuri kwamba ndoa si ya kununua, na ofisa kwenye usaili atauona bila kuuliza. Hata hivyo atauliza mengine: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki ya pamoja, picha, nani hulala upande gani wa kitanda. Ndoa ya kununua ikigundulika humfungia mtu milango kwa maisha, na jela ni hadi miaka 5.

Nikahi je? Mama alipendekeza shehe wa hapa awafungishe kwa simu. Nilimwomba asubiri. Wale wawili wachukue leseni ya ndoa kwenye ofisi ya kaunti wanakoishi, kisha imamu mwenye ruhusa awafungishe msikitini kwao. Dini imepata yake na serikali imepata yake.

“Akienda kliniki watamkamata.”

Tangu 1986 hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, zinabanwa na sheria kumhudumia mwanamke mwenye uchungu bila kujali makaratasi wala mfuko. Medicaid ya dharura, mpango wa serikali wa matibabu, hulipia kujifungua kwa wenye kipato kidogo, wasio na ukaazi wakiwemo. Asikose kliniki kwa hofu. Kuhusu chanjo zinazotakiwa kwenye uchunguzi wa afya wa mwombaji ukaazi, za surua na tetekuwanga hazichomwi mjamzito. Daktari huandika hivyo kwenye fomu na maombi yanaendelea.

“Akishatuma maombi yuko salama.”

La. Siku hizi ombi likikataliwa na mtu hana kibali kingine, anaweza kuandikiwa wito wa mahakama ya uhamiaji. Tangu 1 Januari 2026 Tanzania imo pia kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, hivyo swali la kwanza kwa wakili liwe: mwezi huu maombi ya wenye pasipoti ya Tanzania yanashughulikiwaje? Nasema wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na wizara ya sheria ya huko. Madalali wa fomu wamejaa, wengine Waswahili wenzetu. Na akishaomba asitoke nchini bila kibali cha kusafiri, kwani ombi huhesabika limetelekezwa.

Jambo moja wanawake huniuliza kwa sauti ya chini. Mume akimpiga mkewe na kumtishia “nitakurudisha kwenu”, sheria ya 1994 inamruhusu mke wa raia kujiombea mwenyewe, mume asijue.

Mama alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Sasa mwanangu, mimi huku nifanye nini? Nikae tu?”

Nikamuuliza kama binti aliwahi kuolewa. Aliwahi, Pongwe, akiwa na miaka kumi na tisa, wakaachana. Talaka iko wapi? Akafungua pochi akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: mume wa zamani kaandika kwa mkono, mashahidi wawili, tarehe. Kidini limekwisha. Kwa serikali binti bado ni mke wa mtu, kwa sababu Sheria ya Ndoa inataka mahakama ndiyo itoe amri ya talaka, baada ya baraza la usuluhishi kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Akiolewa Marekani juu ya karatasi ile, ndoa mpya ni batili na maombi yote yanaanguka nayo. Mtoto akizaliwa kabla ya talaka kupatikana si kitu, bora ndoa ichelewe iwe halali.

Nikamwandikia pembeni: cheti cha kuzaliwa cha binti kutoka RITA, wakala wa vizazi na vifo, hati ya baraza la usuluhishi kutoka BAKWATA, baraza la Waislamu, kisha Mahakama ya Mwanzo. Mume wa zamani atahitajika kuitwa.

“Yuko Pangani, anavua,” mama akasema, akiirudisha karatasi kwenye pochi. “Nauli ya Pangani siku hizi kiasi gani?”