Kinga "kushuka" kwa mawazo: maana yake hasa

"Punguza mawazo, la sivyo kinga itashuka." Usia huu tumeuzoea tangu UKIMWI ulipokuwa gumzo la kila nyumba, na wanaoutoa hawajakosea sana. Ila neno "kushuka" linatuletea picha ya maji ndani ya tangi: jana yalijaa, leo yamepungua. Kinga ya mwili haiko hivyo. Msongo wa mawazo unaweza kuamsha sehemu moja ya kinga na kuilaza nyingine, na jambo linaloamua zaidi ni muda. Msongo wa dakika kumi na wa miezi kumi ni vitu viwili tofauti.

"Msongo" limetokana na kusonga, yaani kubana na kukandamiza. Ndiko huko huko tunakosonga ugali. Kitaalamu ni hali inayompata mtu anapoona yaliyo mbele yake yamemzidi uwezo. Zingatia hapo: anapoona. Deni la kodi ya nyumba halina meno, lakini ubongo ukishalihesabu kuwa hatari, mwili hujibu kana kwamba chui yuko mlangoni.

Bodaboda ikikukosakosa barabarani, adrenalini humwagika kutoka kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho. Usichokiona ni kwamba ndani ya dakika chache chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoua seli zilizovamiwa na virusi, zinaongezeka kwenye mzunguko wa damu. Ina mantiki. Anayekimbia adui huenda akajeruhiwa, basi walinzi watoke mapema. Mwaka 2004 watafiti Suzanne Segerstrom na Gregory Miller walipitia tafiti karibu 300 na kukuta mwelekeo huo: msongo mfupi huipandisha kinga ya papo kwa papo, na ule usiokwisha ndio unaoidhoofisha kwa upana.

Nyuma ya adrenalini, kwa mwendo wa polepole zaidi, inakuja homoni ya kotisoli. Ubongo unaagiza tezi ya pituitari, pituitari inaagiza zile tezi za juu ya figo, nazo zinaitoa. Kotisoli huongeza sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na pia huizuia kinga isipitilize. Ule wekundu, joto na kuvimba kunakozunguka jeraha ni kazi ya kinga, na kazi hiyo isiposimamiwa huharibu hata nyama nzima ya mwili. Kotisoli ndiyo breki.

Nguvu ya breki hiyo madaktari wanaijua vizuri kwa sababu wanaiuza kwenye vidonge. Mwaka 1948 mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo alipewa kotisoni, ndugu wa kotisoli, akapata nafuu ya kushangaza. Miaka miwili baadaye watafiti wa homoni hizo, Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wakatunukiwa tuzo ya Nobel. Prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu leo ni ya ukoo huo huo. Ukiitumia kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, unakuwa rahisi kushambuliwa na maambukizi, kifua kikuu kikiwamo. Kwa hiyo dawa za jamii hii si za kujinunulia dukani kila kifua kinapobana.

Hapa ndipo picha ya tangi inapovunjika kabisa. Kama kotisoli hutuliza uvimbe, mtu mwenye msongo wa miezi angepaswa kuwa na uvimbe mdogo mwilini. Mara nyingi anakutwa na mwingi zaidi. Maelezo yenye ushahidi ni kwamba seli za kinga huzoea. Mtoto anayefokewa asubuhi hadi jioni mwishowe haigeuki sauti ya mzazi, na seli zinazopigiwa kelele za kotisoli kila siku nazo hupunguza usikivu. Breki ipo, inakanyagwa, haishiki.

Mtafiti Sheldon Cohen na wenzake walilipima jambo hili kwa mafua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, watu 394 wenye afya nchini Uingereza walijaza maswali kuhusu msongo wao, wakadondoshewa virusi vya mafua puani kwa hiari yao, kisha wakatengwa na kuangaliwa. Walioambukizwa walikuwa kama asilimia 74 kwa wenye msongo mdogo kabisa na asilimia 90 kwa wenye msongo mkubwa kabisa. Waliougua mafua yanayoonekana walitoka kama asilimia 27 hadi 47. Pengo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na linaeleweka ukikumbuka kwamba makamasi na pua kuziba hutokana kwa kiasi kikubwa na kinga yenyewe inavyofanya fujo. Utafiti wao wa mwaka 1998 uliongeza jambo: msongo uliodumu mwezi mmoja au zaidi, kama wa kukosa kazi au ugomvi na watu wa karibu, ndio uliopandisha hatari. Ule wa muda mfupi, hata ukiwa mkali, haukufanya hivyo.

Kwangu mimi ushahidi unaogusa zaidi ni wa vidonda. Janice Kiecolt-Glaser na timu yake kule Ohio, Marekani, waliwatoboa kidogo mkononi, tundu la milimita 3.5, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Waliokuwa wakiuguza walichukua wastani wa siku tisa zaidi kupona. Baadaye wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walijitolea kuchomwa kidonda kidogo kaakaani mara mbili, likizoni na siku tatu kabla ya mtihani. Cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu, na hakuna hata mmoja aliyepona haraka zaidi wakati huo. Kila anayemlaza mama mzazi hospitali na kukesha kwenye benchi ana la kufikiria hapo.

Njia hii ya kutoka ubongoni kwenda kwenye kinga ina magari ya kwenda na ya kurudi. Kumbuka siku uliyougua malaria: chakula hukitaki, wageni huwataki, unageukia ukuta tu. Hali hiyo si uchovu wa mwili peke yake. Seli za kinga hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo hufikisha habari ubongoni kwa damu na kwa mishipa ya fahamu, na ubongo unakuamuru ulale ili nguvu ziende kwenye vita. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni, ambayo nayo ni saitokini, wengi walipata sonona hata kama hawakuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo mgonjwa wa muda mrefu anayeitwa "mtu wa mawazo" pengine mawazo hayo yameletwa na ugonjwa.

Msongo usibebeshwe kila kosa, hata hivyo. Kwa miongo mingi vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye mawazo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomwonesha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Marshall alifikia kumnywa mwenyewe mwaka 1984, tumbo likamvimba kwa ndani. Bakteria huyo anatibika kwa antibiotiki, lakini hadi leo wapo wanaoambiwa wapumzike tu. Na kwa anayeishi na VVU, kinachomaliza CD4, yaani chembe za kinga, ni kirusi, na kinachomzuia kirusi ni ARV. Msongo humfikia zaidi kwa mlango wa nyuma: usingizi unapotea, pombe inaingia, saa ya dawa inapita.