Shilingi ya Kiambu na shilingi ya Marsabit

Kwa sensa ya Kenya ya 2019, kaunti ya Kiambu ina watu milioni 2.4, ya Marsabit haifiki laki tano. Lakini Marsabit ina kilomita za mraba kama 70,000, na Kiambu nzima ingeingia humo zaidi ya mara ishirini. Zote mbili zinangoja pesa kutoka Nairobi. Tugawe kwa vichwa au kwa masafa?

Tunapoulizwa kwa nini falsafa, siasa na uchumi hufundishwa pamoja, huanzia hapo.

Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kaunti zote 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Namna ya kuligawa fungu hilo imeachiwa Seneti, ambayo hupokea mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Fomula ya kwanza ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 mgawo sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya fedha. Inaonekana hesabu tupu. Ila hakuna hesabu inayoweza kukuambia kwa nini umaskini uwe 20 na si 30. Hapo umeshaingia kwenye swali la haki: watu sawa wapewe sawa, au aliyeachwa nyuma aongezewe?

Wachumi nao wana falsafa yao, hata wasipoitaja. Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 ulishauri pesa za maendeleo zielekezwe penye ardhi nzuri na mvua, kwa kuwa huko zitazaa haraka. Ukiwaza mavuno ya taifa zima, hoja ina mantiki. Aliyezaliwa Marsabit, kwenye ukame, aliambiwa asubiri, na hakuna aliyemwambia hadi lini.

Mwaka 2020, Seneti ilipojadili fomula ya tatu, mambo yalipamba moto. Kambi moja ilidai “mtu mmoja, kura moja, shilingi moja”, maneno matamu mpaka ukumbuke gharama ya kumfikishia chanjo mtoto anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka zahanati. Vikao vya Seneti vilivunjika mara kadhaa, na Agosti maseneta watatu wakakamatwa siku ya kupiga kura. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya ahadi kwamba fungu lenyewe litaongezwa. Likapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370 mwaka wa fedha 2021/22, ili kaunti yoyote isipunguziwe.

Kwa maoni yangu, mzozo ulitulizwa kwa pesa na swali la haki likaahirishwa. Hata hivyo sibezi: mwanasiasa asiye na kura za kutosha hana fomula, hata awe na hoja nzuri kiasi gani.

Katika fomula hiyo ya tatu idadi ya watu ilishuka hadi asilimia 18, huku afya, kilimo na barabara zikipewa mafungu yao. Ardhi ilibaki na asilimia 8 yake ileile.