Uchovu Usioisha: Pima Kwanza, Kirutubisho Baadaye

Malalamiko kuhusu virutubisho vinavyouzwa kama tiba ya uchovu wa muda mrefu yanaongezeka, na mengi yanafanana. Mtu amechoka kwa miezi, ameuziwa makopo mawili au matatu kwa bei kubwa, ameyamaliza yote, na bado hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Ndipo anapofika kituo cha afya, akiwa amechelewa.

Uchovu ni dalili, na nyuma yake kunaweza kuwa na upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo iliyolegea, figo, moyo, sonona, kukosa usingizi, au dawa nyingine unayotumia. Ukichoka kwa zaidi ya wiki chache bila sababu, vipimo vya kuanzia ni picha kamili ya damu, sukari, VVU na mkojo. Daktari ataongeza kipimo cha tezi, figo na ini kulingana na maelezo yako. Kikohozi cha wiki mbili, jasho jingi usiku au kukonda vinahitaji kipimo cha makohozi, na hilo halisubiri kopo liishe.

Tuanze na damu, kwa sababu hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Kwa mjamzito ni chini ya 11, kwa mwanamume chini ya 13. Watu huambiwa juisi ya rozela huongeza damu, lakini ni nyekundu kwa rangi yake tu. Haina madini ya chuma ya kutosha kumtibu aliye na gramu 8, na bitiruti vilevile. Hili tumelieleza mara nyingi na tutaendelea kulieleza.

Kwenye lebo, tofautisha uzito wa chumvi ya madini na uzito wa chuma chenyewe. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takribani miligramu 65 za chuma. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina takribani 35 tu. Multivitamini nyingi zina kama 14, kiasi cha mahitaji ya siku kwa mtu mzima mwenye afya, wala si dozi ya kutibu. Chuma humezwa mbali na chai, kahawa na maziwa, angalau saa moja kabla au saa mbili baada yake. Juisi ya chungwa husaidia kifyonzwe. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Pima tena baada ya wiki nne: kama dawa inafanya kazi, damu inapaswa kupanda kwa kama gramu 2. Isipopanda, huenda damu inavuja mahali, kwa mfano kwa minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, hedhi nzito au uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, au tatizo halikuwa chuma tangu mwanzo. Damu ikirudi kawaida, dozi huendelea kwa miezi mitatu ili kujaza akiba ya mwili, na wengi huacha hapo hapo wanapojisikia nafuu. Mwenye selimundu asimeze chuma bila kipimo, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara kwa mara, kwani chuma kinaweza kuwa kimejaa tayari. Na vidonge hivi vifungiwe mbali na watoto: mtoto mdogo akimeza vingi kama peremende anaweza kufa.

Ni haki kusema pia kwamba chuma husaidia baadhi ya waliochoka hata kama damu yao haijapungua. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2012, wenye wanawake 198 ambao akiba yao ya chuma ilikuwa ndogo, ulionyesha uchovu ukipungua kwa waliopewa miligramu 80 kwa siku kwa wiki 12. Lakini akiba hiyo ilikuwa imepimwa kwanza.

Foliki asidi pekee inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa vitamini B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka yumo katika hatari ya upungufu huo. Vitamini B6, inayowekwa kwa wingi katika bidhaa za "kuongeza nguvu", ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ya miguu na mikono. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku mwaka 2023, na makopo yenye 50 au 100 yapo. Bayotini ya nywele na kucha nayo hupotosha vipimo vya maabara, hadi tezi iliyolegea ionekane nzima au hata ionekane kufanya kazi kupita kiasi. Iache siku mbili kabla ya kipimo cha tezi, na mwambie mtoa huduma.

Sasa jambo ambalo watu hawaulizi kabisa: saa ya kumeza. Dolutegraviri, dawa ya VVU iliyomo katika kidonge cha TLD, hushikana na chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu tumboni, na dawa haifyonzwi vya kutosha. Imezwe saa mbili kabla ya kirutubisho au saa sita baada yake. Anayemeza multivitamini saa 2 asubuhi na TLD saa 3 usiku yuko sawa. Anayemeza multivitamini saa 12 jioni na TLD saa 3 usiku anaharibu dawa yake kila siku. Hata hivyo, chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo ni pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu haziingii katika ruhusa hiyo. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hufuata mpangilio huo huo wa saa mbili na sita, na dawa ya tezi huachanishwa na chuma au kalsiamu kwa saa nne. Ukienda CTC (kliniki ya huduma za VVU) au kliniki yoyote, beba makopo yako yote. Kusema "natumia vitu vya asili tu" hakumsaidii daktari.

Jihadhari na bidhaa inayokupa nguvu na hamu ya kula ndani ya siku mbili. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta deksamethasoni (dawa ya steroidi) au sildenafili (dawa ya nguvu za kiume) katika bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Deksamethasoni huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzirai na hata kufa. Ukishuku, usiache mwenyewe. Nenda hospitali na kopo.

Kuhusu usajili: tangu Julai 1, 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi nchini Tanzania uko TBS (Shirika la Viwango), na iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa, vifaa tiba na vitendanishi. Kirutubisho kilichosajiliwa kama chakula hakijathibitishwa kutibu chochote. Bidhaa ikidai kutibu, inahesabiwa kuwa dawa na inapaswa kusajiliwa hivyo. Dawa za asili zinapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2002. Bidhaa isiyosajiliwa hukamatwa na huteketezwa, na muuzaji anaweza kushitakiwa, hata kama duka lake ni kundi la WhatsApp. Mwongozo wa mwaka 2005 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unataka lebo ya vitamini na madini ionyeshe kiasi cha kila kirutubishi kwa dozi, onyo la kutozidisha, na onyo la kuweka mbali na watoto wadogo, wala isidai kwamba bidhaa inachukua nafasi ya mlo. Lebo isiyo na namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji, irudishe.

Upo pia ugonjwa wa uchovu sugu wenyewe: uchovu mzito wa miezi sita au zaidi, usingizi usioburudisha, akili kuwa na ukungu, na hali kuwa mbaya siku moja au mbili baada ya kazi ndogo. Hugunduliwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 unasema ushahidi hautoshi kupendekeza vitamini au madini kama tiba yake. Koenzaimu Q10, L-kanitini na magnesiamu vimejaribiwa kwa makundi madogo, bila matokeo ya kutegemewa. Kinachosaidia ni kugawa nguvu za siku na kusimama kabla ya kuishiwa, pamoja na kutibiwa usingizi na maumivu. Atakayekuuzia uponyaji wa siku 30 anakudanganya.

Ukipata madhara, hifadhi kopo na vidonge vilivyobaki bila kuvihamishia chombo kingine, piga picha pande zote za lebo, tunza risiti au ujumbe wa malipo ya simu, andika siku uliyoanza kumeza na siku dalili zilipoanza, kisha peleka taarifa kwa mfamasia wa kituo au ofisi ya TMDA ya kanda. Mtoa huduma atajaza fomu ya njano ya kutoa taarifa za madhara. Mgonjwa naye anaruhusiwa kutoa taarifa mwenyewe. Hutakiwi kuwa na uhakika kwamba bidhaa ndiyo iliyosababisha. Shaka inatosha kuanzia.