Kuandika Programu na Kufundisha Kompyuta ni Kazi Mbili Tofauti

Wengi huamini kwamba aliyeandika programu kwa miaka mingi anaweza kuingia darasani na kufundisha kompyuta bila maandalizi. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu mazoea ya muda mrefu humfanya mtaalamu atende mengi bila kuyafikiria, hata asione mahali mwanafunzi anapokwama. Katika lugha nyingi za programu, kwa mfano, alama ya = huagiza thamani ihifadhiwe, hivyo x = x + 1 humaanisha kuiongezea x moja, ilhali mwanafunzi aliyeizoea alama hiyo katika hisabati kuwa ya usawa huona x = x + 1 kuwa jambo lisilowezekana, na ana haki ya kushangaa. Mwalimu aliyejiandaa hulitarajia kosa hilo, humsikiliza mwanafunzi akieleza anavyofikiri, na humwachia kibodi hata anapochelewa. Uzoefu wa kazini humfaa zaidi katika kuonyesha namna hitilafu inavyotafutwa hatua kwa hatua.